Mashine inayolipa na kulipwa yenyewe: ulinganisho wa njia nne za malipo

Mwenye kituo cha kuchajia pikipiki za umeme anayetaka mashine yake itangaze bei, ipokee malipo, ifungue umeme na kujilipia data na matengenezo bila mtu kusimama kando yake, leo ana njia nne za kuchagua. Anaweza kuiunganisha na fedha za simu kama M-Pesa. Anaweza kuipa pochi ya Bitcoin kwenye mtandao wa Lightning. Anaweza kuipa pochi ya sarafu thabiti ya dola, hasa USDC, na kuiwekea itifaki ya x402. Au anaweza kuiingiza katika mtandao wenye tokeni yake, uliojengwa mahsusi kwa ajili ya vifaa, kama vile Helium au IOTA. Njia tatu za mwisho hutumia mitandao iliyogatuliwa, yaani mitandao ambayo leja yake ya malipo haikabidhiwi taasisi moja. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mtu anayepaswa kuamua, na unazipima njia hizo kwa vifaa viwili visivyofanana hata kidogo: hicho kituo cha kuchajia, na kihisi cha mvua kilichosimikwa shambani ambacho kinauza vipimo vyake kila saa.

Wazo lenyewe lina umri. Mwaka 2013, mjini Edinburgh, Mike Hearn, aliyekuwa miongoni mwa watengenezaji wa programu za Bitcoin, alieleza habari ya gari lisilo na dereva wala mmiliki, ambalo lingebeba abiria, lingepokea nauli na kujilipia gharama zake. Baadaye kampuni ya Kijerumani ya Slock.it ilianza kujenga kufuli zinazojikodisha kupitia Ethereum, mtandao uliogatuliwa unaoendesha pia programu, na mwaka 2017 mradi wa Share&Charge uliunganisha zaidi ya vituo 1,000 vya kuchajia magari nchini Ujerumani na mikataba erevu ya Ethereum, yaani programu zinazotekeleza malipo zenyewe masharti yakitimia. Kuna jambo moja katika mradi huo ambalo anayechagua leo anapaswa kulishika tangu mwanzo: wenye vituo hawakulipwa kwa ether, sarafu ya Ethereum yenyewe. Walilipwa kwa tokeni iliyofungwa kwenye thamani ya yuro. Ilikuwa busara, kwa kuwa bili ya umeme nchini Ujerumani huja kwa yuro, na mashine inayopokea mapato kwa sarafu moja na kudaiwa kwa sarafu nyingine huwa imemtwisha mwenyewe biashara ya pili ambayo hakuikusudia.

Fedha za simu: mashine ikiwa mkono wa kampuni

M-Pesa ilizinduliwa Kenya mwezi Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008, na mteja wa bodaboda hahitaji kuelezwa namna ya kuitumia. Kwa upande wa mashine, mpangilio wa Kenya ni huu: mteja anachagua kiasi kwenye kituo, seva ya kampuni inatuma ombi la malipo kupitia mfumo wa Daraja wa Safaricom, simu ya mteja inaonyesha kiasi na jina la kampuni, mteja anaingiza namba yake ya siri, na baada ya sekunde chache seva inapokea uthibitisho na kuiamuru swichi ifungue umeme. Iwapo kituo nacho kinahitaji kumlipa mtu, kwa mfano fundi aliyebadilisha waya, malipo hayo hutoka kwenye akaunti ya kampuni kwa idhini iliyohifadhiwa katika seva.

Katika mzunguko wote huo mashine haina hata senti iliyo yake. Akaunti ni ya kampuni iliyosajiliwa, na anayelipa ni binadamu mwenye namba ya siri. Wapo wanaouona huu kuwa upungufu wa kimsingi, lakini mimi sikubaliani nao pale ambapo wateja ni watu wa mtaa huohuo na gharama zote za kituo zinadaiwa kwa shilingi. Malipo yaliyokosewa yanaweza kufuatiliwa na kurudishwa, mapato hayapandi wala kushuka thamani kwa usiku mmoja, na hakuna ufunguo wa siri unaokaa ndani ya kisanduku cha chuma kando ya barabara ukimngojea mwizi. M-KOPA na kampuni nyingine za sola za kulipia kidogo kidogo zimejenga biashara kubwa kwa mtindo huu wa kifaa kinachojifungua baada ya malipo ya simu na kujifunga yasipokuja, bila kuhitaji leja iliyogatuliwa.

Udhaifu wake hujitokeza katika mambo mawili. La kwanza ni ukubwa wa malipo: kihisi cha mvua kinachouza kipimo kimoja kwa sehemu ndogo ya shilingi hakiwezi kutoza kila kipimo peke yake, hivyo kitalazimika kukusanya deni la mwezi na kutoa bili. La pili ni utambulisho. Mashine ya kampuni ya Nairobi ikitaka kununua vipimo kwa kihisi cha mtu wa Mwanza ambaye haijawahi kufanya naye kazi, ni lazima kwanza binadamu wa pande zote mbili wafungue akaunti, wakubaliane mkataba na waunganishe mifumo yao. Kwa mnunuzi mmoja hilo ni kazi ya wiki moja au mbili. Kwa wanunuzi mia moja wanaotaka kipimo kimoja kimoja, haliwezekani kabisa, na hapo ndipo mitandao iliyogatuliwa inapopata hoja yake ya haki.

Lightning: malipo madogo kuliko yote, na matunzo mengi kuliko yote

Bitcoin yenyewe haifai kwa kazi hii. Bloku, yaani fungu la miamala linaloingizwa kwenye leja kwa pamoja, hupatikana kwa wastani wa kila dakika 10, na nafasi ndani yake ni finyu. Lightning, iliyopendekezwa na Joseph Poon na Thaddeus Dryja katika waraka wao uliokamilika Januari 2016 na kuanza kutumika rasmi mwaka 2018, huweka malipo nje ya mnyororo, yaani nje ya leja hiyo ya bloku: pande mbili hufunga fedha katika chaneli kwa muamala mmoja, kisha hubadilishana hesabu mpya mara nyingi wapendavyo, na mnyororo hauguswi tena hadi chaneli ifungwe. Kiasi kinaweza kushuka hadi satoshi moja, ambayo ni sehemu moja ya milioni 100 ya Bitcoin, na malipo hufika ndani ya sekunde chache.

Uzuri wake kwa kituo cha kuchajia ni kwamba umeme unaweza kuuzwa dakika kwa dakika. Pikipiki inalipia dakika moja, kituo kinatoa umeme wa dakika moja. Malipo yakikatika, swichi inafunga. Umeme ukikatika, pikipiki inaacha kulipa. Hakuna upande unaoweza kumdhulumu mwenzake zaidi ya thamani ya dakika hiyo, na kwa hiyo hakuna haja ya amana, usajili wala mtu wa kusuluhisha. Tena mlipaji hupata siri ya baiti 32 ambayo haiwezi kupatikana isipokuwa malipo yamekamilika, na mashine inaweza kuionyesha siri hiyo kama risiti. Itifaki ya L402, ya kuuza huduma za mtandaoni kwa Lightning, imejengwa juu ya sifa hiyo. Nikilitazama jambo hili kwa jicho la mhandisi, sijaona namna iliyo safi zaidi ya kuwafanya watu wawili wasiojuana wauziane umeme.

Lakini chaneli ina pande mbili, na hapa wengi huingia mkenge. Mashine mpya iliyofungua chaneli kwa fedha zake yenyewe inaweza kulipa tu. Haiwezi kupokea hata satoshi moja hadi itumie sehemu ya fedha hizo au mtu mwingine afungue chaneli kuielekea. Kituo cha kuchajia, ambacho kazi yake ni kupokea, hujaza chaneli yake upande wa kupokelea kisha hukwama, na inabidi fedha ziondolewe au nafasi mpya ya kupokelea inunuliwe. Kufungua na kufunga chaneli ni muamala wa mnyororo, na ada yake haitabiriki: tarehe 20 Aprili 2024, siku ambayo zawadi ya wachimbaji, yaani wenye kompyuta zinazounda bloku, ilipunguzwa nusu, ada ya wastani ya muamala wa Bitcoin ilipita dola 100. Nodi, yaani kompyuta inayoendesha chaneli, inapaswa kuwa hewani ili ipokee, na kumbukumbu za hali ya chaneli zikipotea kwa kuharibika kwa diski, fedha zinaweza kupotea pia. Kifaa kilicho kando ya barabara, chenye umeme wa kukatika na mtandao wa kuyumba, si mahali pa kukabidhi matunzo ya namna hiyo.

Suluhisho la kawaida ni kuweka nodi moja ya kampuni mahali salama, na vituo vyote viitumie hiyo. Linafanya kazi vizuri. Ila tukubaliane kwamba kwa kufanya hivyo mashine imerudi kuwa mkono wa kampuni kama ilivyokuwa kwenye M-Pesa, tofauti ikiwa ni kwamba kampuni haimwombi mtu ruhusa ya kufungua akaunti. Na bado mabadiliko ya thamani yapo palepale: Bitcoin moja ilikaribia dola 69,000 Novemba 2021, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 16,000. Mwenye kituo anayelipia umeme kwa shilingi atalazimika kubadilisha mapato yake kila siku, na kila ubadilishaji una ada yake.

Sarafu thabiti na x402: njia ninayoipa uzito zaidi kwa mashine zisizojuana

Tangu miaka ya 1990 kanuni za HTTP, ambazo tovuti na programu hutumia kuwasiliana, zimekuwa na namba 402, iliyotengwa kwa ajili ya kumwambia anayeomba ukurasa kwamba malipo yanahitajika, lakini kwa muda mrefu haikuwekewa utaratibu wowote wa kulipa. Mwezi Mei 2025 Coinbase, kampuni ya Marekani ya soko la sarafu za kidijitali, ilitoa itifaki ya x402 inayoitumia namba hiyo pamoja na sarafu thabiti, na kwa kihisi chetu cha mvua hii ndiyo njia inayostahili kuangaliwa hatua kwa hatua.

Programu ya kampuni ya bima ya mazao, tuseme, inaomba kipimo cha saa nane mchana. Seva ya kihisi haitoi kipimo. Inajibu kwa namba 402 ikitaja bei, sarafu, mtandao na anwani ya kupokelea. Programu inasoma jibu hilo, inalinganisha bei na kikomo ilichowekewa na mwenyewe, kisha inatia sahihi idhini yenye mambo manne ya msingi: kiasi, mpokeaji, muda ambao idhini ni halali, na namba ya kipekee inayozuia idhini hiyo kutumiwa mara mbili. Inarudia ombi lake ikiwa imeambatisha idhini. Upande wa kihisi hukabidhi idhini kwa mwezeshaji, yaani mtoa huduma wa kati, ambaye huihakiki na kuipeleka kwenye mnyororo akijilipia mwenyewe ada ya muamala, na kipimo kinatolewa. Mnunuzi hakufungua akaunti, hakutoa jina, na hakuhitaji kuwa na ether kwa ajili ya ada. Alihitaji USDC tu. Pia USDC hugawanyika hadi sehemu ya milioni moja ya dola, na tangu maboresho ya Ethereum ya Machi 2024 ada kwenye mitandao ya tabaka la pili, iliyojengwa juu ya Ethereum, kama Base, imeshuka kiasi kwamba malipo ya senti moja hayamezwi tena na gharama zake. Kwa malipo madogo zaidi ya hapo, bado Lightning ina nafuu.

Mtu asidhani, hata hivyo, kwamba njia hii haina mwenyewe. Mtoaji wa USDC ni kampuni ya Circle, nayo inaweza kuzifunga fedha zilizo katika anwani yoyote. Ilifanya hivyo Agosti 2022 baada ya Marekani kuweka vikwazo dhidi ya Tornado Cash, huduma ya kuficha nyayo za miamala. Thamani ya dola moja nayo ina masharti: Machi 2023, ilipojulikana kwamba dola bilioni 3.3 za akiba ya Circle zilikuwa katika benki ya Silicon Valley Bank iliyoanguka, USDC ilishuka hadi karibu senti 88 kabla ya kurejea. Mpangaji wa miamala ya Base ni mmoja, Coinbase, na tarehe 5 Septemba 2023 mtandao huo ulisimama kwa takriban dakika 45. Anayehamia Solana, mtandao mwingine usiotegemea Ethereum, ili akwepe hilo atakuta bloku za haraka na ada ndogo sana, lakini atakuta pia historia ya kusimama, ikiwemo ile ya 6 Februari 2024 iliyodumu karibu saa tano. Kihisi kinaweza kuvumilia saa tano kwa kuhifadhi vipimo na kuviuza baadaye. Dereva wa bodaboda mwenye betri iliyokwisha hawezi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna hesabu nyingine ya kufanya kabla ya kuvutiwa. USDC ni dola, na mwenye gharama za shilingi atahitaji mlango wa kuibadilisha. Kenya imepitisha sheria ya watoa huduma za mali pepe mwaka 2025, ikiwaweka chini ya usimamizi wa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Tanzania, Benki Kuu ilitangaza mwaka 2019 kwamba sarafu za aina hii si fedha halali nchini, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 katika uhamishaji wa mali za kidijitali. Kwa mauzo yenye faida ya asilimia 5, kodi hiyo peke yake inatosha kubadilisha jibu.

Mitandao yenye tokeni yake: Helium na IOTA

Helium ilianza mwaka 2019 kwa wazo zuri la kuwalipa watu wa kawaida kwa tokeni ya HNT ili wasimike vituo vidogo vya redio vya LoRaWAN, teknolojia ya masafa marefu inayotumia umeme kidogo, ambavyo vihisi vya karibu vinavitumia kutuma data. Kihisi hakilipi kwa HNT. Hulipa kwa vocha za data ambazo bei yake imefungwa kuwa dola 0.00001 kwa kila ujumbe usiozidi baiti 24. Kihisi chetu kikituma ujumbe mmoja kila saa, kwa mwaka ni ujumbe 8,760, sawa na senti 8 na ushei za Marekani. Hakuna laini ya simu inayokaribia bei hiyo, na kwa kihisi kinachoishi kwa betri ndogo miaka kadhaa, LoRaWAN inafaa kuliko modemu ya simu hata bei zingelingana.

Ugumu uko kwa upande wa pili wa mtandao. Mnunuzi wa data ana bei isiyoyumba, ila anayesimika kituo cha redio hulipwa kwa tokeni ambayo ilivuka dola 50 Novemba 2021 na kuwa chini ya dola 3 mwishoni mwa 2022. Kituo hicho ndicho hasa mashine inayojipatia kipato katika mfano huu, na kipato chake kilishuka zaidi ya mara kumi bila yenyewe kufanya kosa lolote. Kwa hiyo ushauri wangu ni tofauti kwa kila upande: kuwa mteja wa Helium ni uamuzi mwepesi, mradi ramani ionyeshe kwamba kuna kituo kinachofikia shamba lako; kuwa mtoa huduma wake ni uwekezaji katika bei ya tokeni, na upimwe hivyo. Na pasipo na kituo karibu, bei ya senti 8 haina maana yoyote.

IOTA ni funzo la aina nyingine, na inanisikitisha kwa sababu ndio mtandao uliojitokeza waziwazi zaidi kuwa wa mashine. Ulianzishwa mwaka 2015 kwa ahadi ya miamala isiyo na ada kabisa, ili vifaa vilipane hata sehemu ndogo kabisa ya senti, na mwaka 2019 Jaguar Land Rover ilitangaza majaribio ya pochi ya IOTA ndani ya magari, ambayo yangepata malipo kwa kutoa taarifa za mashimo barabarani. Lakini mtandao ulitegemea nodi moja ya uratibu iliyoshikwa na wakfu unaosimamia IOTA. Februari 2020, baada ya pochi ya Trinity kudukuliwa, wakfu uliizima nodi hiyo, na miamala ya thamani ikasimama hadi Machi. Kisha Mei 2025 IOTA ilihamia msingi mpya, wenye wathibitishaji wanaoweka dhamana na wenye ada ndogo kwa kila muamala. Uhamisho huo ulikuwa na sababu za kiufundi zinazoeleweka. Hata hivyo, aliyeichagua IOTA kwa sababu haikuwa na ada, akapakia programu ya zamani ndani ya vifaa elfu moja vilivyotawanyika, amebaki na vifaa vinavyohitaji programu mpya na bila ile sababu ya kwanza ya kuchagua. Helium nayo ilihama: iliacha mnyororo wake na kuingia Solana Aprili 2023. Mashine ya chuma hukaa kazini miaka kumi au zaidi, na mitandao hii bado haijathibitisha kwamba inaweza kukaa muda huo bila kubadili misingi yake.

Ufunguo ndani ya kisanduku

Yeyote atakayechagua njia ya pili, ya tatu au ya nne atakutana na swali la mahali pa kuweka ufunguo wa siri, na ni swali linaloamua zaidi kuliko kasi au ada. Ufunguo ulioandikwa katika kumbukumbu ya kawaida ya kifaa unasomwa na fundi yeyote mwenye waya na kompyuta ndogo. Kwa hiyo watengenezaji huweka chipu maalumu inayozalisha ufunguo ndani yake na kutoutoa nje kamwe. Anayenunua ahakiki jambo moja ambalo halionekani kwenye matangazo: chipu nyingi za bei nafuu, ikiwemo ATECC608 iliyotumika katika vituo vya Helium, zinatia sahihi kwa mkunjo wa P-256, yaani aina moja ya hisabati ya sahihi za kidijitali, ilhali Bitcoin na akaunti za kawaida za Ethereum zinatumia mkunjo mwingine, secp256k1. Chipu inakuwepo, imelipiwa, na haiwezi kutia sahihi muamala. Ethereum iliongeza uhakiki wa sahihi za P-256 katika maboresho yake ya Desemba 2025, hivyo pochi za mkataba erevu sasa zina njia ya kuzitumia chipu hizo.

Pochi ya mkataba erevu ina faida nyingine, ambayo kwangu ndiyo hoja kubwa ya kuipendelea Ethereum na tabaka zake kuliko Lightning kwa mashine iliyo mbali na mwenyewe. Mkataba unaweza kuiruhusu mashine itumie kiasi fulani tu kwa siku, ilipe anwani zilizoidhinishwa tu, na ufunguo wake ukiibiwa, mwenyewe aufute kwa ufunguo wake mwingine akiwa nyumbani. Hasara inabaki kuwa matumizi ya siku moja.

Kubadilisha funguo za mashine zilizokwisha kusambazwa ni kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Watumiaji wa LUKU Tanzania na wa mita za malipo ya kabla Kenya wanaijua: mita hizo zinafuata kiwango cha kimataifa kinachohesabu muda tangu mwaka 1993, na hesabu hiyo ilifika kikomo tarehe 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo kila mwenye mita alipaswa kuingiza kwa mkono tarakimu za kubadilisha ufunguo, safu mbili za tarakimu 20, ndipo aingize tokeni yake ya umeme. Ilifanikiwa kwa sababu palikuwa na shirika moja la umeme lenye wajibu, lenye namba za simu na lenye watu wa kwenda mlangoni kwa mteja. Katika mtandao usio na mwenyewe, jukumu hilo linamwangukia mwenye mashine peke yake, na gharama yake iwekwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Ambalo hakuna mtandao unaolithibitisha

Leja inathibitisha kwamba fedha zimehama. Haithibitishi kwamba umeme umetoka, wala kwamba mvua imenyesha milimita 12. Helium iliujua ukweli huu kwa gharama: vituo vililipwa kwa kuthibitishiana kwamba vipo mahali fulani, na wapo waliotangaza maeneo ya uongo huku vifaa vikiwa vimerundikwa pamoja, hadi ikabidi iwepo orodha ya kuvizuia vituo vilivyoshukiwa. Kihisi cha mvua ambacho mwenyewe anakimwagia maji ili bima ilipe kitatia sahihi halali juu ya kipimo cha uongo, na mtandao wowote kati ya hii utakipokea. Kwa umeme tatizo ni dogo, kwa sababu pikipiki ina mita yake na inaweza kuacha kulipa mara moja ikiona haipati kitu. Kwa data ni kubwa, na dawa yake ni vihisi jirani vya wamiliki tofauti vinavyolinganishwa, jambo ambalo halihusiani na sarafu yoyote.

Nini cha kuchagua

Kwa kituo cha kuchajia chenye wateja wa mtaani, nachagua fedha za simu bila kusita, na sioni sababu ya kumlazimisha dereva ashike sarafu asiyoitumia sokoni. Kama baadaye zitakuja pikipiki za kampuni nyingine zinazotaka kujilipia zenyewe, kituo kiongezewe mlango wa x402 kwa USDC, chenye pochi ya mkataba erevu na kikomo cha kila siku, na mapato yabadilishwe kuwa shilingi kila jioni. Lightning nitaiweka pale tu ambapo mauzo ni ya dakika kwa dakika kati ya mashine zisizojuana, na pana mtu mwenye ujuzi wa kutunza nodi.

Kwa kihisi cha mvua jibu ni mchanganyiko. Helium itumike kusafirisha data ikiwa kuna kituo karibu. Pasipo na kituo, mwenyewe asimike kipokezi chake cha LoRaWAN, kwani vifaa vyake si vya Helium peke yake. Wanunuzi wanaojulikana, kama ushirika wa wakulima au kampuni ya bima, wapewe bili ya mwezi kwa shilingi. Vipimo vya mtu mmoja mmoja kutoka nje viuzwe kwa x402. IOTA nisingeianza nayo leo, hadi msingi wake mpya uwe umekaa miaka kadhaa bila kuguswa.

Katika kila chaguo, mkataba na mteja uandikwe kwa jina la mtu au kampuni, kwa kuwa mahakama zetu hazimtambui mshitakiwa aliye mashine. Dereva ambaye betri yake imeunguzwa na kituo atamtafuta mwenye kituo, hata kama fedha zake ziliingia katika pochi ambayo hakuna binadamu anayeishika, na namba ya simu ya mwenye kituo huyo ibandikwe kwenye kisanduku kwa herufi zinazosomeka usiku.